Oksijeni ndani ya keja ya kumi kwa kumi: Mambo ambayo mimi na Kukhu tulijifunza kwa kuchelewa

Kama kwenu kuna mzazi, shosho au guka anayelala na mpira wa oksijeni puani, tafadhali soma hii hadi mwisho kabla hujaenda kuangalia matokeo ya mechi. Na kama hayupo, soma pia. Kwenye ploti zetu jirani yako yuko umbali wa bati moja tu, na moto wake ni moto wako.

Mimi naishi Kangemi, upande wa Gichagi, pamoja na nyanya yangu. Sisi ni Waluhya, kwa hivyo nyumbani yeye ni Kukhu. Alikuja Nairobi kutoka Butere baada ya kifua kumsumbua miaka mingi. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alichovuta ni moshi wa kuni, zaidi ya miaka arobaini, kwenye chumba cha kupikia kisicho na dirisha. Daktari alipompima alisema ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wanaouita COPD. Njia za hewa zimeharibika na hazitarudi zilivyokuwa. Moshi wa kuni unaweza kufanya hivyo kama sigara tu.

Mimi niliacha chuo semista ya tatu. Usinionee huruma, karo ilikwama na sikurudi. Lakini ndiyo maana mashine ya oksijeni ilipoletwa, mtu wa kubaki nayo nyumbani alikuwa mimi. Najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo. Wakubwa wako kazini, wewe ndiye nesi wa nyumba bila cheti, na hakuna aliyekuketisha chini akakueleza. Basi keti.

Usiku wa giza

Ijumaa ya Agosti 25, 2023, saa nne kasoro usiku, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA uliingia giza. Mimi nilikuwa nimelala naangalia simu. Mashine ya Kukhu ikalia mlio mmoja mrefu, kisha ngurumo yake ikakata.

Tulikuwa na mtungi wa akiba. Niliufungua kwa mwanga wa simu, nikahamisha mpira, nikasikia hewa inaanza kupita. Simu ilikuwa imebaki na chaji asilimia 9. Nikaona niihifadhi. Nikachukua mshumaa na kiberiti kwenye rafu, nikaketi kando ya kitanda. Njiti ilikuwa tayari kwenye ubavu wa kiberiti.

Kukhu hakuwa na pumzi ya kuongea. Alinyoosha mkono, akakishika kiberiti pamoja na vidole vyangu, akatikisa kichwa.

Siku tuliyoletewa mashine, fundi alitueleza mambo ya moto kwa urefu. Mimi nilikuwa nachati. Kukhu ndiye alikuwa anasikiliza.

Nimekusimulia hii kwa sababu ndiyo hatari ambayo watu wa mitaa yetu hawaioni. Stima ikipotea, tunafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: tunafungua mtungi, na tunawasha mshumaa. Hayo mawili hayafai kukutana.

Oksijeni haiwaki, inachochea

Watu wengi huchanganya oksijeni na gesi ya kupikia. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 1, 2024 ulikuwa wa gesi ya kupikia, ambayo huwaka yenyewe. Oksijeni haiwaki yenyewe. Kazi yake ni kukifanya kitu kingine kiwake haraka na kwa ukali.

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Mashine ya nyumbani huvuta hewa hiyo hiyo, ikachuja naitrojeni, ikatoa oksijeni ya kati ya asilimia 90 na 95. Si yote inaingia mapafuni. Nyingine huvuja kando ya pua, ikaingia kwenye mto, blanketi, leso, nywele na nguo. Kitambaa kikishiba oksijeni, cheche ndogo ambayo siku nyingine ingejizimia inakuwa moto unaokimbia. Na moto huo unaanzia usoni, kwa sababu mpira uko usoni.

Januari 27, 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1 nchini Marekani walikufa chombo kikiwa bado ardhini, kwenye mazoezi tu. Ndani kulikuwa kumejazwa oksijeni tupu, moto ukazuka na haukuwapa nafasi ya kufungua mlango. Aprili 24, 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, Iraq, iliyokuwa na wagonjwa wa Covid, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kama chombo cha wataalamu na hospitali nzima vinaweza kuungua, keja ya mabati si kitu.

Mita tatu ni futi kumi

Miongozo mingi ya oksijeni nyumbani inasema moto wowote ukae angalau mita tatu kutoka kwa mgonjwa na mashine yake. Sasa piga hesabu. Mita tatu ni karibu futi kumi. Keja yetu ni kumi kwa kumi. Hata ukipima kona kwa kona unapata mita nne na kidogo, na kitanda kimeshakula nusu. Maana yake ni kwamba ndani ya keja ya aina hii hakuna kona ya kuwashia kitu chochote oksijeni ikiwa inafanya kazi.

Na moto si jiko la makaa peke yake. Ni stovu ya mafuta taa, meko ya gesi, mshumaa, koroboi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma. Ni sigara, na ni vape pia, kwa sababu ndani yake kuna waya unaopata moto. Ndugu yako akija kusalimia na sigara mkononi, abaki nje aimalize. Usione haya kumwambia.

Sisi tulitoa jiko. Jirani wa mlango wa tatu alikubali tupikie kwake, tukawa tunachangia gesi. Mapafu ya Kukhu nayo yakapata nafuu ya moshi. Kama huwezi kupata jirani kama huyo, pika nje kwenye kibaraza, mbali na mlango wenu, mlango ukiwa umefungwa. Andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ubandike mlangoni: KUNA OKSIJENI, USIWASHE MOTO. Wapangaji wengine wana haki ya kujua, na siku ya shida watajua wafanye nini.

Kuzima mashine hakutoshi. Nguo na matandiko hubaki na oksijeni kwa muda. Mgonjwa akitaka kukaribia jiko, azime mashine, avue mpira, mfungue mlango na dirisha, na angoje angalau dakika 20. Na mpira usiachwe kitandani ukitoa hewa huku mwenyewe ameenda chooni. Akivua, zima.

Mafuta nayo. Mwezi wa Julai Kangemi ina baridi yake, pua inakauka na kuchubuka, na mkono unaenda moja kwa moja kwenye Arimis au Vaseline. Usipake hayo karibu na mpira. Uliza duka la dawa wakupe krimu iliyotengenezwa kwa maji. Ukitumia sanitaiza yenye spiriti, ngoja mikono ikauke kabisa kabla ya kugusa mpira au mashine. Na vali ya mtungi ikikwama, usitie mafuta wala grisi hata tone. Mwite fundi.

Baridi hiyo hiyo huwafanya watu walale na jiko la makaa ndani. Hilo huua hata nyumba isiyo na oksijeni.

Zungumza na mwenye ploti mapema

Mashine hizi hula stima. Ile ya lita tano hutumia karibu wati 350. Mgonjwa akiwekwa kwa masaa 15, hizo ni yuniti 5 na robo kwa siku, na zaidi ya 150 kwa mwezi. Kadiria Sh30 kwa yuniti, utapata zaidi ya Sh4,500 kila mwezi. Watu wengi huchanga pesa za kununua mashine wakasahau kuchanga pesa za kuiendesha.

Ploti nyingi stima iko ndani ya kodi, na keateka hataki kuona koili wala pasi. Mwendee mwenye ploti kabla mashine haijafika. Nenda na barua ya daktari, sema utaongeza kiasi gani, na kama inawezekana omba mita yako ya tokeni. Akikugundua mwenyewe mwisho wa mwezi, atakata waya kwanza ndipo aulize maswali.

Waya wa kuunganishiwa na vijana wa mtaa usiutegemee kwa mashine hii. Nguvu yake hupanda na kushuka, unaweza kukatwa wakati wowote, na unatoa cheche. Chomeka mashine ukutani moja kwa moja. Ekstensheni inayobeba friji, runinga na chaja nne si mahali pake. Kama stima yenu hurukaruka, weka stabilaiza.

Tokeni zisishuke chini ya matumizi ya siku tatu. Pawabanki yako haitaiendesha mashine hii, na ile betri ndogo ya kompyuta itakupa dakika chache tu. Akiba ya kweli ni mtungi uliojaa, na hesabu yake lazima uijue.

Hesabu yenyewe ni hii. Angalia ukubwa wa mtungi kwa lita, uzidishe kwa namba ambayo sindano ya gaji inaonyesha kwa ba. Wetu ulikuwa wa lita 10 na sindano ilikuwa kwenye 100. Hizo ni lita 1,000 za oksijeni. Kukhu hutumia lita 2 kwa dakika. Gawanya, unapata dakika 500, yaani masaa manane na dakika 20.

Usiku ule sikuijua hesabu hii. Nilikuwa naangalia tu sindano ikishuka, nikijiambia stima itarudi. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imekaribia nyekundu. Tulimwamsha jirani mwenye gari, tukampakia Kukhu na mtungi, madirisha wazi, hadi hospitali yenye jenereta. Kwetu stima ilirudi jioni. Kama ningejua kugawanya saa nne usiku, ningepanga gari saa nne usiku, si alfajiri nikitetemeka.

Siku hizi tochi ya kuchaji inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Mshumaa hauko tena ndani ya nyumba hii. Mtungi umesimama, umefungwa kwa mnyororo ukutani usianguke, mbali na jua na bati la moto.

Usichezee kile kinyoosha namba

Kuna siku Kukhu alikuwa anahema sana, nikataka kupandisha kipimo kutoka 2 hadi 5. Nilidhani hewa ni hewa, ikiongezeka ni nzuri zaidi. Sivyo. Oksijeni ni dawa na ina dozi, kama vidonge.

Baadhi ya wagonjwa wa COPD wakipewa oksijeni kupita kiasi, kaboni dayoksaidi hujikusanya mwilini. Anaamka na kichwa kinachouma, anasinzia mchana, anaanza kuchanganya maneno. Wewe unafikiri amechoka, kumbe ni hatari. Ndiyo maana wengi wao madaktari hulenga kipimo cha kati ya asilimia 88 na 92 kwenye kile kidude cha kubana kidole. Ukiona 90 usipandishe kipimo ili ufikishe 100. Fuata namba aliyoandika daktari wa mgonjwa wako, na iandike ukutani.

Na usipunguze masaa kwa sababu anaonekana mzima. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wenye mapafu yaliyoharibika na oksijeni ya chini sana mwilini. Waliopewa oksijeni angalau masaa 15 kwa siku walikuwa 42, na 19 wakafa katika miaka mitano. Wasiopewa walikuwa 45, wakafa 30. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Marekani na Canada ulionyesha kwamba waliotumia karibu siku nzima waliishi zaidi kuliko waliotumia usiku pekee. Kwa hivyo masaa yanahesabika. Tokeni zikibana, usimkatie Kukhu wako kimya kimya. Ongea na daktari na familia.

Lakini pia si kila anayehema anahitaji mashine. Faida hiyo ilionekana kwa watu ambao oksijeni yao mwilini iko chini sana hata wakiwa wameketi. Anza kwa kupimwa. Hapa kwetu unaweza kuanzia Kangemi Health Centre, upewe rufaa kwenda kliniki ya kifua.

Kuhusu kile kidude cha kidole, jua udhaifu wake. Rangi ya kucha huivuruga, na vidole baridi pia. Halafu kuna hili: mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vidude hivi vilikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi, vikisoma namba nzuri wakati damu ina oksijeni ya chini. Karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwa ngozi zetu, basi, usiamini namba peke yake. Mwangalie mtu mwenyewe. Anamaliza sentensi bila kukata pumzi? Ulimi na ndani ya midomo vina rangi gani? Anajua leo ni siku gani?

Akishindwa kumaliza sentensi, akiwa na rangi ya bluu au kijivu mdomoni, au akichanganyikiwa na kusinzia kupita kawaida, hiyo ni hospitali, si kesho. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Unaweza pia kupiga 999 au 112.

Kazi ndogo za kila wiki

Mashine inahitaji kupumua kama mwenye nayo. Iweke futi moja kutoka ukutani, mbali na pazia, na usiifanye meza ya nguo. Kichujio cha nje kioshe kila wiki kwa maji na sabuni, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Kama kuna chupa ya maji, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, ubadilishe kila siku. Mpira wa puani uoshwe, na ukiwa mgumu au umebadilika rangi nunua mwingine.

Ukishuku hewa haitoki, tumbukiza ncha za mpira kwenye kikombe cha maji safi. Mapovu yakitokea, hewa inapita. Yasipotokea, tafuta mahali mpira umekunjika, mara nyingi ni chini ya mguu wa kitanda. Mpira mrefu nao huangusha watu usiku, kwa hivyo upitishe kando ya ukuta.

Ukinunua ya mkono wa pili, uwe macho. Wakati wa Covid mashine nyingi ziliingia sokoni, na si zote ni za mgonjwa wa COPD. Kuna ndogo za bei nafuu ambazo ukipandisha lita, usafi wa oksijeni unashuka. Inakuandikia 5, kumbe anavuta hewa isiyozidi sana ya kawaida. Usilipe kabla fundi wa vifaa vya hospitali hajapima usafi wa oksijeni kwa kipimo chake, mashine ikiwa kwenye lita ambazo mgonjwa wako anatumia. Muuzaji akikataa kupimwa, shika pesa zako uende.

Leo jioni

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo jioni fanya mambo matatu. Chukua futi, upime kutoka kitandani hadi mahali mnapopikia. Soma gaji ya mtungi, upige ile hesabu, uandike ukutani ni masaa mangapi mnayo. Kisha kusanya mishumaa na viberiti vyote, uvitoe nje ya chumba, na mahali pake uning'inize tochi.

Ukimaliza, mwonyeshe mtu mwingine mmoja kila kitu. Wewe pia hulala, na wewe pia huenda mjini kutafuta.

Kukhu bado yuko. Bado analalamika kwamba ugali unafika kutoka mlango wa tatu ukiwa umepoa. Namwambia avumilie. Ananijibu kwamba amevumilia kuliko mimi, na kwamba siku ile ya fundi, simu yangu ndiyo ilikuwa inasikilizwa.